Papai la Chato

Lori linalotoka Rusumo kwenda Dar es Salaam hupita Nzega na Igunga, likapanda Mlima Sekenke kwa kunguruma, ndipo likafika Misigiri, kwenye njia panda ya Kiomboi. Dereva anakula, utingo anatafuta dumu la mafuta ya alizeti. Habari za Kagera husafiri na watu hawa, na Januari 2025 zilikuwa mbili zisizopatana.

Tarehe 14 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa linashuku homa ya Marburg wilayani Biharamulo, mkoani Kagera. Wizara ya Afya ikajibu upesi: sampuli za wahisiwa zimepimwa, zote hasi. Tarehe 20, Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na mkuu wa shirika hilo, Tedros Adhanom Ghebreyesus, akatangaza kwamba mgonjwa mmoja amethibitishwa. Mlipuko ulipotangazwa kuisha Machi 13, hesabu ilikuwa watu 10: wawili waliothibitishwa na maabara, wanane wa kudhaniwa. Hakupona hata mmoja.

Ni rahisi kusema fulani alidanganya. Simhitaji mwongo hapa. Kipimo chenyewe kinatosha kueleza. Mgonjwa wa Marburg akitolewa damu siku ya kwanza au ya pili ya homa, virusi huenda bado ni vichache mno kuonekana, ndiyo maana hutakiwa kupimwa tena saa 72 zikishapita tangu dalili zianze. Kosa huanza pale jibu la vichupa kadhaa vya damu linapogeuzwa kuwa jibu la wilaya nzima.

Kipimo kushindwa kuona virusi vichache ndiko kunakowasukuma watafiti kutafuta namna ya kukusanya virusi vilivyotawanyika kabla ya kupima. Njia moja inavutia sana. Bakteria wa E. koli, mkazi wa matumbo yetu, hutoa nje ya mwili wake nyuzi nyembamba za protini ziitwazo karli, azitumie kujishikiza. Mwaka 2014 Neel Joshi na wenzake huko Marekani walionyesha kuwa ukibadili jeni ya protini hiyo, nyuzi hutoka zimebeba kipande cha ziada chenye kazi uitakayo. Timu ya Chao Zhong mjini Shanghai ikapachika kipande kinachoshika virusi vya mafua, na mwaka 2020 ikaeleza jinsi utando wa bakteria hao ulivyovinasa kutoka kwenye maji ya mto. Wao walitaka kusafisha maji, lakini kilichonaswa ili kitupwe kinaweza pia kunaswa ili kipimwe. Mchimbaji mdogo wa Sekenke hahitaji kufafanuliwa: hutandaza gunia kwenye mwalo, tope likapita, chembe za dhahabu zikabaki.

Gunia hilo, hata hivyo, hubakiza na visivyo dhahabu. Kipimo kilichoongezewa uwezo wa kuona kidogo huona pia tone lililoruka kutoka sampuli ya jirani, glavu isiyobadilishwa, meza iliyofutwa haraka. Kinga yake haina fahari: kila kundi la sampuli liambatane na maji safi, yapitie nyuzi zilezile na mashine ileile, na yakitoka chanya, majibu ya siku hiyo hayatoki. Nyuzi zisizo na kipande cha kunasia nazo zipimwe, ijulikane kama kinachokamata ni hicho kipande au ni ute wa bakteria tu. Ni kazi inayosahaulika, maana hakuna mfadhili anayepiga picha na kichupa cha maji.

Tanzania ina kisa chake cha kipimo kuona kisichotarajiwa. Mei 3, 2020, Rais John Magufuli, akiwa Chato, alieleza kuwa maabara ya taifa ilipelekewa kwa siri sampuli za papai, mbuzi na vinginevyo, zikiwa na majina ya watu, na kwamba papai na mbuzi vilionekana vina korona. Wazo la sampuli ya siri, nathubutu kusema, lilikuwa zuri. Maabara nzuri hupimwa hivyohivyo. Ila jibu la ajabu namna hiyo ndiyo kwanza linaanzisha kazi: sampuli irudiwe, maabara nyingine ipewe sehemu yake, itafutwe uchafu uliingilia wapi. Mkurugenzi wa maabara akasimamishwa, kamati ikaundwa, vipimo vyenyewe vikatiliwa shaka. John Nkengasong, aliyeongoza kituo cha Afrika cha kudhibiti magonjwa, akavitetea. Mwezi huohuo takwimu za nchi zilisimama kwenye wagonjwa 509, na zikabaki hapo kwa zaidi ya mwaka.