Kinyago na Wimbo Wake

Mwaka 1944 mtafiti Hans Cory alichapisha maelezo ya vinyago vya udongo ambavyo Wanguu, jirani zetu sisi Wazigua, walivitumia kuwafundisha vijana wao. Kinyago kilikwenda na wimbo, na wimbo ulibeba fundisho. Mzee mmoja wa hapa Kwedizinga aliposikia habari hiyo aliniuliza, "Mchungaji, waliompa walijua mambo yao yatafika wapi?" Sikuwa na jibu.

Wapendwa, Katekisimo Ndogo inatuwekea amri mbili hapo. Ya nne yatutaka tuwaheshimu wazazi; basi elimu yao isizikwe pamoja nao. Ya saba yakataza wizi. Basi siri aliyokabidhiwa mwali haichukuliwi bila ridhaa, hata kwa nia njema. Anayehifadhi sharti azishike zote mbili: aombe, asikilize, arudishe.

Nasi tusimnyoshee mtafiti kidole. Yeye aliandika, sisi tuliwaambia vijana waache vyote, bila kupepeta nafaka itengane na pumba. Nikiwa mwanafunzi wa kipaimara nilimcheka bibi yangu alipotaka kuniimbia. Amelala sasa, na wimbo umelala naye. Wewe ambaye bibi yako yu hai, leo baada ya ibada, kaa naye umsikilize.