Masomo Yasiyotenga Ndugu na Ndugu



Katika Matendo ya Mitume, sura ya 17, twasoma habari za mji uitwao Berea. Mtume Paulo na Sila walifika huko baada ya kuondoka Tesalonike usiku. Watu wa Berea walilipokea neno kwa furaha, wakachunguza Maandiko kila siku, wapate kujua kama waliyofundishwa ni kweli.

Jina hilo lilipewa pia mji mwingine, mji mdogo katika jimbo la Kentucky, nchi ya Marekani. Humo mna shule ya juu ya Kikristu, isiyo ya serikali, yenye wanafunzi wapata 1,500 tu. Si shule ya Eklezia Katolika. Mwanzilishi wake alikuwa mchungaji wa Waprotestanti. Lakini jambo jema husifiwa popote lionekanapo. Basi tusikilize, maana lina fundisho kwetu.

Mchungaji yule, John Gregg Fee, alikuwa mtoto wa bwana mwenye watumwa. Aliposema kwamba utumwa ni dhambi, baba yake alimnyima urithi. Mwaka 1855 shule yake ilianza katika chumba kimoja. Mwaka 1859 watu wenye silaha waliwafukuza yeye na wenzake. Vita vilipokwisha mwaka 1865, na utumwa ulipoondolewa, walirudi. Mwaka uliofuata walikuwa na wanafunzi 187: weusi 96 na weupe 91. Fikirini, wapenzi: mtu aliyeweza kuuzwa jana kama mbuzi, leo anaketi kusoma pamoja na mtoto mweupe! Kwa maana shule ile ilichagua kuwa neno lake fundisho ambalo Paulo aliwapa watu wa Atene katika sura ile ile: mataifa yote ya watu asili yao ni moja, nayo imetoka kwa Mungu.

Tena, tangu mwaka 1892 shule ile haiwadai wanafunzi malipo ya masomo. Lakini kila mmoja hufanya kazi, saa 10 kwa juma au zaidi: shambani, jikoni, kufuma nguo, kufunga mifagio. Maskini haoni haya, kwa sababu wote hufanya kazi. Je, Bwana wetu Yezu Kristu hakufanya kazi ya seremala kule Nazareti? Na Paulo, mwenye elimu nyingi, hakushona hema kwa mikono yake?

Kisha lilikuja jaribu kubwa. Mwaka 1904 serikali ya Kentucky ilitoa sheria: ni marufuku kuwafundisha weusi na weupe pamoja. Shule iliipinga kortini, lakini mwaka 1908 korti kuu ya nchi iliikubali sheria ile. Wanafunzi weusi walitengwa na wenzao, na mlango ulifungwa kwao hata mwaka 1950, miaka 46 mizima. Mmoja aliyemaliza masomo kule mwaka 1903, mwaka mmoja tu kabla ya sheria, ni Carter G. Woodson. Wazazi wake walikuwa wamezaliwa utumwani, na yeye mwenyewe alichimba makaa ya mawe. Akawa mwandishi mkubwa wa historia ya watu weusi. Ni wangapi kama yeye waliokuta mlango umefungwa?

Ndugu zangu, sheria ile ilikuwa mbaya, nayo imekwisha. Lakini tujiulize: mioyoni mwetu mmeandikwa sheria gani? Kijana anatoka kijijini, anakwenda mjini kusoma. Akirudi hataki tena kushika jembe. Anamwonea haya mama yake, ambaye mikono yake imechafuka kwa mihogo aliyoiuza ili amlipie masomo. Anakataa kula pamoja na mtu wa kabila lingine. Nani alimpa sheria hiyo? Hakuna serikali iliyoiandika, ameiandika mwenyewe. Kijana huyo amejua kusoma vitabu, bali hajajua kusoma uso wa ndugu yake.

Na ninyi mnasoma. Shule yenu ni ndogo, na pengine paa lake ni la majani, msiidharau. Siku ya ubatizo Padri atawamwagia wote maji yale yale, bila kuuliza kabila la mtu wala mali yake. Mkitoka kisimani mtakuwa watoto wa Baba mmoja. Basi anzeni sasa kuishi hivyo.

Makusudi ya juma hili: Nitarudia fundisho la katekisimu kila siku, kama watu wa Berea. Nitafanya kazi moja ya mikono kwa ajili ya mwenzangu, bila kudai malipo. Nitamsalimu kwanza yule niliyezoea kumpita.

Tuombe: Ee Mungu, Baba wa watu wote, utupe akili ya kujifunza, mikono ya kutumika, na moyo usiomfungia mtu mlango. Kwa Yezu Kristu Bwana wetu. Amina.