Je, Kuuliza ni Kumdhania Mtu Vibaya?

Katika darsa letu la baada ya Maghribi lilitokea suala ambalo mwanzo tuliliona dogo, kisha tukaliona kubwa. Mmoja wetu alitueleza khabari ya jirani yake, mama mtu mzima, mjane, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiuza mahamri asubuhi na kuweka akiba kidogo kidogo kwa nia ya kwenda Umra. Siku moja uliingia katika simu yake ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa mtoto wa kaka yake aliyeko Arabuni kazini. Jina lilikuwa lake, picha ilikuwa yake, na maneno yalikuwa ya adabu: “Shangazi, nimefikwa na dhiki. Nataka fedha leo leo, zitume kwa nambari ya rafiki yangu, nami nitakurudishia mwisho wa mwezi. Wala usimwambie mama, asije akaingiwa na khofu.” Mama yule alituma. Baada ya saa moja akaombwa tena, akatuma tena. Siku ya pili ikabainika kuwa kijana hakuomba kitu. Akaunti yake ilikuwa imetekwa na mtu asiyemjua, na mtu huyo alikuwa akiwaandikia jamaa zake wote, mmoja baada ya mmoja.

Alipoulizwa, “Kwa nini hukumpigia simu ukasikia sauti yake?” mama alijibu: “Niliona haya. Nitamwulizaje mwana wa kaka yangu kama ni yeye au si yeye? Angedhani namwona mwongo.”

Jawabu hilo ndilo lililotufanya tuandike maneno haya. Kwani sisi watu wa pwani tumelelewa juu ya haya, juu ya kumstahi mgeni, na juu ya kumdhania kheri mwenzetu. Hizi ni tabia njema, wala hatutaki zituondoke. Lakini je, dhana njema yatutaka tufumbe macho? Na mwenye kuhakikisha jambo kabla ya kutoa mali yake, je, amemvunjia mwenzake heshima?

Kwanza yatupasa kuondoa kosa moja lililoenea katika barza zetu. Mtu akitapeliwa, watu husema, “Ni tamaa yake.” Twasema: si kweli siku zote, na kumsingizia mtu tamaa asiyokuwa nayo ni dhulma juu ya dhulma. Mama huyu alitamani nini? Hakuahidiwa faida hata senti moja. Alichokuwa nacho ni huruma, na mwizi aliingia kwa mlango wa huruma.

Tazameni na hila nyingine. Mtu hupokea ujumbe ulioandikwa kama ule wa M-Pesa, usemao kuwa ameingiziwa shilingi elfu kadhaa. Mara simu yalia, na sauti ya mnyonge yasema, “Ndugu yangu, nimekosea nambari, hizo ni fedha za hospitali, nakuomba kwa jina la Mungu unirudishie.” Msikizaji, kwa kuogopa kula haki ya mtu, atuma haraka. Kisha atazama salio lake aona hakuingia kitu. Ujumbe ule ulitoka kwa nambari ya mtu tu, na fedha alizorudisha zilikuwa zake mwenyewe. Hapa mwizi aliingia kwa mlango wa amana. Kama mtu huyu angekuwa mwenye tamaa, angenyamaza, na asingepata khasara!

Hatukatai kuwa tamaa nayo ina watu wake. Mwaka 1920 katika mji wa Boston, Marekani, mtu aitwaye Charles Ponzi aliwaahidi watu faida ya 50 kwa 100 katika siku 45. Hakuwa na biashara ya kuzaa faida hiyo. Aliwalipa wa mbele kwa fedha za wa nyuma, mpaka wa nyuma walipopungua jengo likaanguka. Hila ile ile ilifika kwetu Kenya, na karibu na mwaka 2007 watu wengi walipoteza akiba zao kwa njia hiyo. Leo yarudi katika simu kwa majina mapya, ikivishwa nguo za biashara ya sarafu za mtandaoni au ya kazi ya kubonyeza picha. Mama zetu wanaocheza mchezo wana hesabu ya kutosha kuitambua. Katika mchezo, kila mtu hutoa sawa na hupokea sawa, na hapana atoaye mia akapewa mia na hamsini. Akitokea mtu asemaye kuwa yeye awapa wote zaidi ya walichotoa, na aulizwe: hiyo ziada yatoka kwa nani?

Sasa turudi kwenye suala letu. Mtu aweza kusema: “Dini yatukataza kudhaniana vibaya. Nikimwambia mtu nipe ushahidi, si nimeshamdhania?” Twamjibu kuwa katazo la dhana mbaya limo katika Suratul-Hujurat, na katika sura hiyo hiyo, kabla ya katazo hilo, imo amri ya kuhakikisha khabari inapoletwa na asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Amri mbili katika sura moja haziwezi kugombana. Basi lazima kuwe na tofauti baina ya kudhani na kuhakikisha.

Tofauti yenyewe ni hii. Dhana mbaya ni hukumu: moyo umeshasema “huyu ni mwizi” na hapana ushahidi. Kuhakikisha ni kuiakhirisha hukumu: moyo wasema “sijui bado, ngoja nijue.” Mwenye kudhani vibaya amehukumu bila ya dalili, na mwenye kuamini ovyo naye pia amehukumu bila ya dalili. Mwenye kuuliza ndiye peke yake aliyejizuia na makosa yote mawili. Kwa hivyo kuuliza si jirani wa dhana mbaya. Ni dawa yake.

Na aya ndefu kupita zote katika Kur'ani, iliyomo katika Suratul-Baqara, yahusu nini? Yahusu deni: liandikwe, na mashahidi wawepo. Amri hiyo wameambiwa Waislamu wanaoaminiana, wala hapana aliyesema kuwa karamu ya mwandishi na uso wa shahidi ni matusi kwa mkopaji. Naye Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni akaona chungu ya nafaka, hakutosheka na juu yake iliyokauka. Alitia mkono ndani, na vidole vyake vikakuta umaji. Muuzaji akaulizwa pale pale. Kama kutia mkono chini ya chungu ni kumvunjia muuzaji heshima, nani angekuwa wa mwisho kufanya hivyo kuliko yeye?

Mtu aweza kusema tena: “Lakini huyu si muuzaji wa sokoni, ni jamaa yangu.” Twasema: hapo ndipo penye kosa la macho. Katika simu humwoni jamaa yako. Waona jina lake na picha yake. Jina na picha ni kanzu, na aliyeivaa humwoni. Unapopiga simu kwa ile nambari uliyoizoea na kutaka kusikia sauti, humjaribu mwana wa ndugu yako. Wamlinda asiibiwe jina lake. Kijana yule wa Arabuni angefurahi mno lau shangazi yake angempigia. Angejua saa ile ile kuwa akaunti yake imetekwa, na jamaa wengine wangesalimika.

Basi namna ya kuhakikisha ni ipi? Si elimu ngumu. Ukiletewa khabari ya dhiki ya mtu wako, mpigie wewe, kwa nambari uijuayo, usitumie ile uliyopewa ndani ya ujumbe. Ukiambiwa umeingiziwa fedha, tazama salio lako mwenyewe, usitazame ujumbe. Na kama kweli zimeingia za mtu, usizitume kwa mkono wako. Mwambie aombe kampuni izirudishe, kwani Safaricom imeweka njia ya aliyekosea kuupeleka ujumbe wake kwa nambari 456. Hivyo amana itafika kwa mwenyewe, nawe hutadanganyika. Nambari yako ya siri haina wa kuambiwa, awe karani wa benki au mtoto wako wa kumzaa. Kadhalika zile tarakimu sita ambazo WhatsApp hukuletea: ni ufunguo wa akaunti yako, na akuombaye umpe hutaka kuingia nyumbani mwako na kufunga mlango wewe ukiwa nje. Ndivyo alivyopatikana kijana yule.

Kuna alama mbili ambazo khasa twapenda zikumbukwe. Ya kwanza ni haraka, na ya pili ni siri. Mwenye haki hudhurika kidogo ukimcheleweshea nusu saa. Tapeli hudhurika kabisa, kwa sababu katika nusu saa hiyo utakuta mtu wa kumwuliza. Ndiyo maana husema “sasa hivi”, na ndiyo maana husema “usimwambie mtu”. Zikikutana haraka na siri katika jambo la fedha, kaa kitako.

Wala mtu asidhani kuwa khasara ya kutouliza ni fedha tu. Katika Hija ya mwaka 2024 joto lilikuwa kali mno, na serikali ya Saudia ilitangaza kuwa waliofariki walikuwa 1,301, na kwamba 83 katika kila 100 hawakuwa na ruhusa ya kuhiji. Walitembea mwendo mrefu juani pasipo mahali pa kujikinga. Hatusemi kuwa wote walidanganywa. Lakini Misri ilizifutia leseni kampuni 16 za safari kwa kuwapeleka watu kwa viza zisizokuwa za Hija. Fikirini mzee aliyeuza shamba lake aende kuitikia wito, akaona haya kumwuliza wakala, “Viza hii ni ya namna gani?” Suala la maneno sita! Mungu awarehemu wote.

Na kuna jambo la kuhuzunisha zaidi. Mwaka 2023 Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa nchini Myanmar peke yake watu wasiopungua 120,000 walikuwa wakishikiliwa na kulazimishwa kufanya utapeli wa mtandaoni. Miongoni mwa waliokolewa kutoka huko wamekuwamo vijana wa Kenya, walioahidiwa kazi nzuri Thailand kisha wakavushwa mpaka. Yaani mkono uandikao ule ujumbe wa hila huenda ukawa wa mtu ambaye naye alidanganywa kwanza. Hatumwondolei dhambi mwenye kudanganya kwa khiari yake. Lakini twaona kuwa kijana anapoletewa kazi ya mbali bila ya mkataba, na wazazi wake wakaona haya kuuliza, hawakumhatarisha yeye tu. Wamewahatarisha na watakaodanganywa kwa mkono wake.

Limebaki neno moja, nalo ni letu sisi tuliosalimika. Mama yule wa mahamri alikaa siku nyingi hakutoka nje, kwa sababu watoto walimcheka na wakubwa wakamsema. Na katika siku hizo, katika mtaa huo huo, jamaa mwengine wa kijana yule alituma fedha kwa nambari ile ile. Lau mama angeweza kusema mapema bila ya khofu ya kuchekwa, huyo wa pili angeokoka. Basi kicheko chetu kilimsaidia mwizi. Kwa sheria ya Kenya ya mwaka 2018 juu ya makosa ya mtandao, udanganyifu huu ni jinai. Lakini polisi watajuaje, na kampuni itaifungaje nambari ya tapeli, ikiwa aliyeibiwa ajificha kama kwamba yeye ndiye aliyeiba? Ujumbe wa tapeli hupelekwa Safaricom kwa nambari 333, na mwenye kuupeleka amefanya kazi ya kheri kwa watu asiowajua.

Enyi ndugu zetu, haya ni katika imani, lakini si katika haya mtu kunyamaza penye haki yake na haki ya wenziwe. Wazee wetu walisema kuuliza si ujinga, nasi twaongeza kuwa kuuliza si ukorofi. Tuwafundishe mama zetu na watoto wetu kusema kwa upole na bila ya kutetemeka: “Ngoja kwanza nihakikishe.” Mkweli hatakasirika kwa neno hili, na akikasirika atatulia. Na tukiulizwa sisi, tusione tumetukanwa. Tujibu kwa uso mkunjufu, ili yule aliyetuuliza asione haya kumwuliza wa pili.

Mama yule ameanza tena kuweka akiba, shilingi kwa shilingi. Twamwomba Mwenyezi Mungu amfikishe Makka, na atupe sisi macho ya kuona na ndimi za kuuliza. Amin.