Je, Ni Upuzi Kusafiri kwa Ajili ya Kutazama?

Wako miongoni mwetu wasemao ya kuwa safari ni tatu tu: ya ibada, ya biashara na ya kutafuta elimu, ama mtu afungaye mizigo akenda kutazama miti na maji, huyo amepoteza mali yake na umri wake. Neno hili lina haki yake, kwani mwenye deni, au mwenye watoto wasioshiba, hana ruhusa ya kusafiri kwa raha hata siku moja. Hapo hapana ubishi. Lakini aliyekwisha timiza haki za watu, je?

Natuitazame njia ya Omani itokayo Maskati kwenda Salalah. Kwa ndege ni mwendo wa saa moja na nusu hivi. Kwa gari ni kiasi cha kilomita 1,000, na asiye na haraka hupitia Nizwa. Hapo pana Falaj Daris, mmoja katika mifereji mitano ya Omani iliyoandikwa mwaka 2006 katika urithi wa dunia. Akikaa ukingoni ataona ya kuwa maji yale yana sharia: kwanza ya kunywa watu wote, kisha ya kuoga, kisha ya mitende, na mwisho ya mimea ya msimu. Kila mwenye shamba ana zamu yake, na zamu hizo zamani zikipimwa kwa kivuli mchana na kwa nyota usiku. Mwenye haraka huona maji yapita, basi.

Baada ya Adam ni jangwa, nalo ni la kutwa nzima. Haima hupita, na jicho halijapata jani la kupumzikia. Kisha, ikiwa ni baina ya Juni na Septemba, gari hupanda milima ya Dhofar likaingia ukunguni, na mara nchi yote ni majani mabichi na ng'ombe. Waliouleta ukungu huo ni pepo za kusi, hizi hizi wazijuazo manahodha wetu. Chini, pwani, ni minazi na migomba.

Aliyekuja kwa ndege naye huyaona haya, lakini hakuonja ukame, basi atajuaje thamani ya jani? Elimu hiyo haipatikani ila njiani, nami siioni kuwa upuzi. (Ama mtu wa Mombasa afikaye Salalah akastaajabia mnazi, ilhali wa kwao hajauinulia macho, sijui alisafiri kutazama au kutazamwa.)

Lakini liko la haramu ambalo wakosoaji wetu hawalitaji. Miti ya milima ile huunasa ukungu kwa majani yake, matone yakadondoka mizizini. Panapobaki tupu, ukungu hupita na maji hupungua. Basi mgeni aendeshaye gari lake juu ya malisho ili apate mahali pa kutandika mkeka, amekula haki ya mwenye ng'ombe, ambaye atakuwa yu papo hapo akitafuta majani pepo za kusi zikisha koma.