Je, Kunyamaza ni Haya?

Katika miji yetu ya pwani hakuna mzazi asiyependa mwanawe awe na haya. Haya ni pambo la kijana, na juu ya hilo hatuna ugomvi na mtu. Lakini liko jambo jingine tulilozoea kulipa jina hilo hilo, nalo ni kunyamaza kwetu mbele ya watoto wetu wanapobaleghe na kuanza kutaka kujua habari za miili yao. Twauliza: kunyamaza huko ni haya kweli, au ni kuiacha kazi yetu ifanywe na mwengine?

Wazee wetu hawakuwa wajinga. Mama aliponyamaza, alikuwako somo wa kumfunda msichana; baba aliponyamaza, alikuwako babu wa kumwambia mvulana kwa njia ya utani. Leo somo ameondoka katika nyumba nyingi, kimya kimebaki, na mahali pa somo imekaa simu. Kijana mwenye chunusi, msichana aumwaye na tumbo kila mwezi, na mwenye huzuni asiyoijua sababu yake, wote huiuliza simu. Nayo simu haichoki kujibu, wala haimwambii muulizaji kama aliyemjibu ni tabibu au ni mchuuzi.

Na mara nyingi mchuuzi ndiye awahiye. Msichana huonyeshwa mafuta ya kung'arisha ngozi, asiambiwe kuwa baadhi yake yana zebaki, na kuwa Shirika la Afya Duniani limekwisha kuonya kwamba zebaki hiyo hudhuru mafigo. Wala hatari haitoki kwa wachuuzi peke yao. Mwaka 1998 daktari mmoja wa Uingereza, Andrew Wakefield, aliandika katika jarida la Lancet akiihusisha chanjo ya surua na maradhi ya otizimu. Mwaka 2010 jarida likaifuta makala hiyo, na mwenyewe akaondolewa katika daftari la madaktari. Lakini habari yake ingali ikizunguka mitandaoni, na aisomaye leo haoni alama ya kufutwa.

Basi kijana yapasa afundishwe kuuliza: Ni nani asemaye? Amejuaje? Atapata nini nikimsadiki? Na wajuzi wengine wasemaje? Maswali haya si mageni kwetu. Wanazuoni wa Hadithi waliwachunguza wapokezi mmoja mmoja kabla ya kuikubali habari. Itakuwaje leo mtoto wetu aipokee habari ya dawa kutoka kwa mtu asiyemjua hata jina?

Iko hatari ya pili, nayo ni nzito zaidi. Mtu muovu hujifanya kijana, akafanya urafiki na mtoto, akamtaka picha ya faragha. Akishaipata humwambia: "Leta pesa, au leta picha nyingine, ama nitampelekea babako." Tutazame hapa kwa makini. Nguvu ya mtu huyu haimo katika picha peke yake. Imo katika hofu ya mtoto kwetu sisi. Lau mtoto angejua kuwa akija kwa mamake atasikilizwa kabla ya kupigwa, kitisho kile kingepoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. Kwa hivyo kimya chetu, tukiitacho haya, ndicho kimpacho muovu silaha.

Wako wasemao kuwa kufundisha mambo haya skulini ni kuwafumbua watoto macho. Twajibu: macho yamekwisha kufumbuka, kilichosalia ni kuyaongoza. Sisi watu wa bahari hatumzuii mtoto maji milele. Twamfundisha kuogelea, tukamwonyesha mahali penye mkondo. Wengine wasema: nyang'anyeni simu. Australia, tangu tarehe 10 Desemba 2025, imeikataza mitandao mikubwa kadhaa kuwapa akaunti walio chini ya miaka 16. Hatuidharau njia hiyo, kwani mtoto mdogo ahitaji ua. Lakini siku atakapotimiza miaka hiyo ataingia, ama na elimu au bila ya elimu. Ua hauondoi haja ya somo.

Katika mtaala wetu wa Kenya wa umilisi, ujuzi wa kidijitali umehesabiwa miongoni mwa mambo saba ya msingi. Ni jambo jema, lakini kujua kuiendesha kompyuta si kujua kuyapima yasemwayo humo. Twataka waalimu wa kike wakae na wasichana, na wa kiume na wavulana, pamoja na muuguzi au daktari, ili haya ihifadhiwe na elimu ifike. Vijana waambiwe kuwa sheria ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018 yamhesabu asambazaye picha za faragha za mtu kuwa ni mkosa, na kuwa namba 116 huwasikiliza watoto bila ya malipo.

Na sisi wazazi tuwatangulie waalimu. Haya ya kweli humzuia mtu na ovu, wala haimzuii kuomba msaada. Usiku huu, kabla mtoto hajalala, aambiwe na mzazi wake maneno machache: "Likikufika jambo, njoo kwangu kwanza."