Je, Mkristo Aweza Kuitwa Bahati?

Simameni asubuhi katika soko la Kadutu, hapa Bukavu, mkaite kwa sauti, "Bahati!" Watageuka wengi: mchukuzi wa mizigo, mama muuza samaki, kijana wa shule. Nao si wa ukoo mmoja. Kwa desturi yetu ya zamani kila mtoto alipata jina lake mwenyewe, hata ndugu wa tumbo moja waliitwa majina mbalimbali. Siku hizi, kwa ajili ya karatasi za shule na za serikali, wengi hubeba jina la baba. Basi mmoja ni Bahati kwa sababu ya mambo ya siku aliyozaliwa. Mwingine ni Bahati kwa kuwa baba yake alikuwa Bahati.

Siku moja, katika mafundisho ya wazazi wanaotaka watoto wao wabatizwe, baba mmoja alituuliza: "Mwalimu, nimeambiwa kwamba Mkristo hasadiki bahati, humsadiki Mungu. Mtoto wangu anaitwa Bahati. Je, nimbadilishie jina?" Tulimwomba atueleze kwanza kwa nini alimwita hivyo. Akajibu: "Wawili waliomtangulia walikufa. Huyu akaishi." Swali lake si dogo, nasi tunataka kulijibu hapa kwa faida ya wote.

Tuanze na neno lenyewe. Waajemi walisema *bakht*. Waarabu wakalipokea, watu wa pwani wakalitia katika Kiswahili, na katika karne ya 19 Kiswahili kikafika Kongo ya mashariki pamoja na misafara ya wafanya biashara. Kwa asili yake neno hilo lilikuwa na maana ya kitu kilichogawiwa, yaani fungu la mtu. Tufikiri hapo kidogo. Fungu halijigawi lenyewe. Palipo fungu, yupo mgawaji. Kwetu twasikia pia majina Mugisho, yaani baraka, na Byamungu, yaani mambo ya Mungu. Wazazi watatu waweza kushukuru kwa jambo moja: wa kwanza ataja fungu, wa pili ataja baraka, wa tatu amtaja Mwenyewe.

Maandiko Matakatifu nayo yalijua jina hili. Katika kitabu cha Mwanzo (30:11), Lea alimwita mtoto wa mjakazi wake Gadi, maana yake bahati, na jina hilo likawa la kabila zima la Israeli. Lakini nabii Isaya (65:11) aliwagombeza watu waliomwacha Mungu wakaiandalia Bahati karamu. Na kwa Kiebrania neno ni lile lile. Basi kosa halikuwa katika jina, bali katika ile karamu. Mtume Paulo naye alifurahi kufikiwa na Fortunato (1 Kor. 16:17), jina la Kilatini lenye maana ya mwenye bahati, wala hatusomi kwamba alimwambia alibadili.

Hata hivyo tuwe na hadhari. Mtakatifu Augustino, alipokuwa mzee na kuvipitia vitabu vyake, alijuta kwamba ametaja Bahati mara nyingi, kwa sababu aliona watu wana desturi mbaya ya kusema, "Bahati imetaka," badala ya kusema, "Mungu ametaka." Na sisi je? Anayekwenda usiku kwa mganga kununua bahati, na anayeumaliza mshahara wake katika michezo ya kubahatisha huku watoto wake wana njaa, hao wanaiandalia ile karamu ya zamani.

Mtakatifu Thoma wa Akwino atoa mfano mwepesi. Bwana mmoja awatuma watumishi wawili mahali pamoja, kila mmoja bila kujua habari za mwenzake. Wakikutana njiani watasema, "Ni bahati!" Kwao ni kweli, maana hawakukusudia. Lakini bwana wao alijua tangu mwanzo. Ndivyo tulivyo sisi mbele ya Mungu.

Limebaki jambo gumu, nalo ndilo lililomchoma yule baba. Kama aliye hai ni fungu kutoka kwa Mungu, wale wawili je? Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua iliyotoka Minova ilizama karibu na Goma, watu wakiitazama kutoka bandari ya Kituku. Wengi walikufa, wengine waliokoka. Nani atathubutu kusema kwamba waliookoka walipendwa na waliozama walisahauliwa? Yezu Kristu mwenyewe alikataa maneno ya namna hiyo, alipoulizia habari za watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu (Lk. 13:4): hawakuwapita wengine kwa dhambi.

Hapo twaona kwamba jina Bahati lina unyenyekevu ndani yake. Mtu asemaye, "Niliokoka kwa sababu mimi ni mwema," awatukana wafu. Bali asemaye, "Ni bahati," akiri kwamba hakustahili kuliko wenzake. Amelipokea fungu ambalo hakulifanyia kazi. Sababu yake Mungu anaijua; kazi ya mtu ni kushukuru.

Basi tulimwambia yule baba: "Baba, usilibadili. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 855, yakataza tu jina lisilopatana na moyo wa Kikristo, na jina hili lapatana nao. Mpe pamoja nalo jina la mtakatifu wa kumwombea. Naye akipata akili, mweleze habari za ndugu zake wawili, awakumbuke katika sala."

Nanyi nyote mnaoitwa Bahati, kumbukeni kwamba jina lenu maana yake ni fungu. Mkiwa na chakula, yuko jirani asiye nacho. Mgawieni.