Ng'ombe wa Kutunza

Kuna neno nalisikia kila kijana wetu anapopata kazi: sisi Waafrika tunasaidiana. Mwezi haujaisha, simu zimeanza. Karo ya huyu, nauli ya yule, na binamu aliyekuja kutembea mwaka jana bado analala kwa kochi. Kijana akiuliza swali kidogo, anaambiwa amekuwa mzungu.

Lakini huo Uafrika tunaoutaja ni upi hasa?

Marehemu Profesa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi hakukubali kwamba Mwafrika hana falsafa. Hakukubali pia kwamba sote tunafikiri kitu kimoja, kana kwamba kabila lina kichwa kimoja. Akaenda kuwahoji wazee, na mwaka 1990 akatoa kitabu. Ndani yake alitenganisha mzee anayezijua mila na kuzieleza vizuri na mzee anayezijua halafu anazipima kwa akili yake mwenyewe.

Kati ya hao wa pili alikuwa Paul Mbuya Akoko, Mjaluo. Alipoelezea kusaidiana kwa zamani, hakusema watu waligawana mali ovyo. Alisema mwenye ng'ombe wengi aliwapa wasio na ng'ombe wawatunze. Ng'ombe walibaki wa mwenyewe. Ulikuwa ushirikiano, si zawadi.

Hapo ndipo tumepoteza njia, naona mimi. Siku hizi tunataka maziwa yaje kwa simu, lakini wa kuchunga hapatikani. Halafu tunaita hiyo mila! Hata Boazi aliacha masuke shambani, na Ruthu akainama kuokota tangu asubuhi.

Wagonjwa na wakongwe siwaweki hapa. Hao wapewe tu, hawana nguvu za kuchunga.

Na wewe mwenye mshahara, usishangilie mapema ukifikiri mzee Mbuya amekutetea. Mwenye ng'ombe alitarajiwa kuwatoa kwa majirani, si kuwafungia wote kwa boma lake. Anayebadilisha laini ya simu ili watu wa nyumbani wasimpate hafuati mila wala maendeleo.

Kwa hivyo ndugu yako akiomba pesa, muulize kwanza anajua kazi gani. Kama anajua kunyoa, nunua mashine umpe afanyie kazi. Iwe yako, riziki iwe yake. Mkubaliane hayo mapema, wazee wakisikia.